Sura ya Tisa: Kuwatambua Taa wa Pwani Yetu

Umekwisha kujifunza kwamba wanyama wenye uti wa mgongo hugawanywa katika makundi matano: samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia. Katika sura hii tutachunguza samaki wa namna ya peke yao. Samaki hao huitwa taa.

Neno taa lina maana zaidi ya moja. Taa inayowashwa nyumbani usiku ni chombo. Taa anayeishi baharini ni mnyama, kwa hiyo tunasema "taa huyu" na "taa hawa". Taa wa baharini ana mwili bapa na mpana, na wengi wao wana mkia mrefu. Wengine wana mwiba wenye sumu juu ya mkia, na wengine hawana. Anayejua kuwatofautisha hulinda mguu na mkono wake. Asiyejua huweza kuumizwa vibaya na samaki ambaye hakuwa na nia ya kumdhuru.

1. Kutoka mlimani hadi baharini

Watoto wa Kighare, katika Milima ya Upare, wanaishi mbali na bahari. Samaki wanaowafahamu ni perege na kambale, ambao huvuliwa katika Ziwa Jipe na katika Bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa katika miaka ya 1960. Lakini maji ya bwawa hilo hayakai mahali pamoja. Huteremka kwa Mto Pangani, hupita katika nyanda kavu zilizo chini ya milima, na mwisho huingia katika Bahari ya Hindi penye mji wa Pangani, mkoani Tanga.

Mto unapoingia baharini huacha mchanga na tope laini. Ndani ya mchanga na tope hilo huishi kaa, kamba, chaza na minyoo. Hao ndio chakula cha taa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kighare akiyafuata maji ya nyumbani kwao mpaka mwisho wa safari yake, atafika mahali ambapo taa hujilaza. Huenda siku moja akaenda huko kumtembelea ndugu yake, au kufanya kazi. Mtoto aliyezaliwa pwani hufundishwa na wazee wake namna ya kutembea majini. Wewe uliyezaliwa mlimani utaanza kujifunza hapa darasani.

2. Taa ni samaki wa namna gani?

Tumlinganishe taa na perege, ambaye unamfahamu.

Perege ana mifupa migumu. Ukimla lazima uwe mwangalifu, maana miiba yake huweza kukukwama kooni. Taa hana mifupa migumu. Kiunzi chake chote ni cha gegedu. Gegedu ni kitu kigumu kiasi, lakini hupindika. Shika sikio lako na ulikunje polepole. Kile kinachopindika ndani ya sikio ni gegedu. Papa naye ana kiunzi cha gegedu. Taa na papa ni ndugu.

Perege ana mwili uliobanwa kutoka ubavuni. Taa amebanwa kutoka juu kwenda chini, mithili ya chapati. Mapezi yake ya kifua yamekuwa makubwa, yakaungana na kichwa, na sasa yanaonekana kama mabawa mawili. Akiogelea huyapunga mabawa hayo au kuyatikisa kama wimbi.

Perege ana matamvua upande wa kulia na wa kushoto wa kichwa, yaliyofunikwa na kifuniko kigumu. Matamvua ni viungo ambavyo samaki hutumia kupata oksijeni iliyomo majini. Taa ana nyufa tano za matamvua kila upande, na zote zimo chini ya mwili. Mdomo pia uko chini. Macho yako juu.

Sasa fikiri. Taa hulala juu ya mchanga, na tumbo lake hugusa mchanga huo. Kama angevuta maji kwa mdomo, angevuta na mchanga pia. Atapumuaje? Nyuma ya kila jicho kuna tundu. Maji safi huingia kwa matundu hayo mawili yaliyo juu, hupita katika matamvua, kisha hutoka kwa nyufa za chini. Kwa sababu hiyo taa huweza kujifukia mchangani na kuacha macho na matundu tu. Mtu anayepita hapo haoni kitu.

3. Sehemu za kuangalia

Mvuvi wa mshipi akivuta ndoana yake na kuona samaki bapa, asiseme tu, "Nimepata taa." Katika pwani yetu kuna taa wa aina nyingi. Ukubwa peke yake haumtambulishi samaki, kwa kuwa taa mdogo huenda akawa mtoto wa taa mkubwa. Rangi peke yake haitoshi pia, maana huweza kufifia samaki anapokufa. Angalia mambo manne, moja baada ya jingine:

(a) Umbo la mwili. Je, ni la mviringo, la pembe nne, au limechongoka mbele?

(b) Kichwa. Je, kimo ndani ya mabawa, au kimejitokeza mbele?

(c) Mkia. Je, ni mnene au mwembamba? Una mapezi mangapi? Una mwiba?

(d) Alama za ngozi. Je, kuna madoa, mistari au pete?

Mkia hutufundisha mengi kuliko sehemu nyingine zote. Lakini mkia huo huo ndio wenye hatari. Basi sheria ya kwanza ni hii: mtambue taa kwa macho, usimtambue kwa mkono.

4. Maswali ya kumtambua taa

Soma maswali haya kwa utaratibu. Anza na la kwanza. Usiruke swali.

Swali la 1. Je, pua yake ni ndefu na ina meno pande zote mbili, kama msumeno wenye makali mawili?
Ndiyo: huyu ni papa upanga. Ingawa anaitwa papa, nyufa za matamvua yake ziko chini ya mwili. Kwa hiyo amo katika jamii ya taa.
La: nenda swali la 2.

Swali la 2. Je, mkia wake ni mnene, na una mapezi mawili yaliyosimama juu yake?
Ndiyo: nenda swali la 3.
La: nenda swali la 4.

Swali la 3. Mwili wake una umbo gani?
Kama ni mviringo, laini na mnene, huyu ni taa wa umeme. Hana mwiba, lakini ana viungo vinavyotoa umeme. Ukimgusa atakupiga kwa ghafula.
Kama umechongoka mbele na sehemu ya nyuma inafanana na ya papa, huyu ni taa mwenye umbo la gitaa. Hana mwiba wenye sumu.

Swali la 4. Je, kichwa kimejitokeza mbele ya mabawa, na ncha za mabawa zimechongoka?
Ndiyo: huyu ni pungu. Pungu ni jina la ndege mkubwa pia, na samaki huyu anapoogelea huonekana kama ndege arukaye. Mgongo wake ni mweusi wenye madoa meupe. Mdomo wake una meno yaliyounganika kama bamba, ambayo kwayo huvunja magamba ya chaza. Mwiba wake uko kwenye shina la mkia, karibu na mwili.
La: nenda swali la 5.

Swali la 5. Je, ana madoa ya buluu mgongoni?
Ndiyo: soma sehemu inayofuata, maana wako wawili.
La: nenda swali la 6.

Swali la 6. Je, chini ya mkia kuna ngozi pana inayoning'inia kama bendera?
Ndiyo: huyu ni taa mwenye mkia wa bendera. Ana mwiba.
La: nenda swali la 7.

Swali la 7. Je, mkia wake ni mwembamba kama mjeledi na mrefu kupita mwili mara mbili au zaidi, na mgongo wake una madoa kama ya chui?
Ndiyo: huyu ni taa mwenye madoa ya chui. Huweza kuwa na upana wa zaidi ya mita moja. Ana mwiba.
La: andika katika daftari, "Taa, aina haijatambuliwa." Usikisie. Mhesabu kuwa ana mwiba mpaka ujue hakika.

Majina ya samaki hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Baadhi ya wavuvi huwaita taa wenye mwiba nyenga. Ndiyo maana ni lazima ueleze umbo na alama za samaki, si kutaja jina tu.

5. Wawili wanaofanana

Katika maji machache ya pwani yetu kuna taa wawili wadogo wenye madoa ya buluu. Watu wengi huwachanganya. Soma maelezo yao kwa uangalifu.

Wa kwanza ana mwili wa mviringo kama yai, wenye rangi ya kahawia iliyochanganyika na manjano. Madoa yake ni ya buluu yenye kung'aa sana. Kando ya mkia wake mna mistari miwili ya buluu, mmoja kila upande. Upana wake ni kiasi cha sentimeta 30 hivi. Maji yanapojaa huja juu ya mchanga kutafuta chakula. Maji yanapokupwa hurudi kujificha chini ya matumbawe.

Wa pili ana mwili wenye pembe zaidi. Madoa yake ya buluu yamefifia. Ana utepe mweusi unaopita machoni, kama mtu aliyefunga kitambaa usoni. Mkia wake hauna mistari ya buluu. Badala yake una pete nyeusi na nyeupe kuelekea nchani.

Basi, ukiona madoa ya buluu, tazama mkia. Mistari ya buluu ni wa kwanza. Pete nyeusi na nyeupe ni wa pili. Wote wawili wana mwiba. Uzuri wa rangi usikudanganye ukamshika.

6. Mwiba na namna ya kujilinda

Mwiba wa taa ni mgumu na una meno madogo kando. Meno hayo yameelekea nyuma, upande wa shina la mwiba. Kwa hiyo mwiba huingia kwa urahisi, lakini ukitoka huchana nyama. Umefunikwa na ngozi nyembamba yenye sumu. Maumivu yake ni makali sana.

Taa hamfukuzi mtu. Hutumia mwiba wake anapokanyagwa au anaposhikwa. Watu wanaotembea juu ya mwamba wakati wa bamvua kutafuta pweza, watoto wanaocheza majini, na wavuvi wanaotoa ndoana ndio wanaopatwa na ajali hii. Vifo ni vichache sana, lakini hutokea mwiba unapoingia kifuani au tumboni. Mwaka 2006 Steve Irwin wa Australia, aliyejulikana kwa filamu zake za wanyama, alikufa kwa kuchomwa kifuani na taa.

Kujilinda si kugumu. Unapotembea katika maji machache yenye mchanga, usiinue miguu kama unavyopanda mlima. Buruta nyayo zako polepole juu ya mchanga. Taa atasikia mtikisiko na kwenda zake. Hata asipoondoka, mguu wako utamgusa ubavuni badala ya kumkanyaga mgongoni.

Mtu akichomwa, fanya hivi:

(a) Mtoe majini na umwite mtu mzima.

(b) Kama mwiba umeingia kifuani, tumboni au shingoni, usiuchomoe. Mpeleke hospitali mara moja.

(c) Kama jeraha liko mguuni au mkononi, lioshe kwa maji safi. Kama linatoka damu nyingi, likandamize kwa kitambaa safi.

(d) Kisha lizamishe katika maji ya moto yasiyounguza, yasiyozidi nyuzi 45 za Sentigredi, kwa muda wa dakika 30 hadi 90. Mtu mzima asiyeumia ayapime kwanza kwa mkono wake, kwa sababu aliyechomwa huenda asihisi joto sawasawa. Maji hayo hupunguza maumivu.

(e) Mpeleke katika zahanati au hospitali hata kama maumivu yamepungua. Kipande cha mwiba huweza kubaki ndani, na jeraha huweza kuoza. Mganga ataangalia pia kama anahitaji sindano ya kuzuia pepopunda.

7. Mvuvi wa mshipi na taa

Mvuvi hodari humtambua taa akiwa bado majini. Akiona ni taa mwenye mwiba, hamwinui kwa mkia. Hamwekei mtoto wake amshike. Kama hamhitaji, humwacha ndani ya maji, hukata mshipi karibu na ndoana kwa kisu, na kumwacha aende. Hamtii vidole katika matundu ya nyuma ya macho wala katika nyufa za matamvua, maana kufanya hivyo humwumiza samaki katika viungo vyake vya kupumulia.

Kwa nini mvuvi amwachilie samaki aliyekwisha kumpata? Jibu liko katika uzazi. Perege jike hutaga mayai mengi, akayabeba mdomoni, na huweza kuzaa tena na tena katika mwaka. Taa wenye mwiba na pungu hawatagi mayai. Hubeba mimba na kuzaa watoto walio hai. Pungu huzaa watoto wachache tu, kwa kawaida wasiozidi wanne. Pia taa wengi huchukua miaka kadhaa kabla ya kuwa wazazi. Kwa hiyo wakivuliwa upesi kuliko wanavyozaa, hupungua, na hawarudi haraka.

Mfano wa kusikitisha ni papa upanga. Zamani alionekana katika midomo ya mito na penye mikoko ya Afrika Mashariki. Meno ya pua yake hunasa kwa urahisi katika nyavu, na akinasa hawezi kujitoa. Siku hizi ni nadra sana kumwona. Mwaka 2007 nchi nyingi za dunia zilikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya karibu aina zote za papa upanga, na mwaka 2013 zikazuia aina iliyokuwa imebaki. Mwaka 2019 masharti yaliwekwa pia juu ya biashara ya taa wakubwa wenye umbo la gitaa.

Mvuvi anahitaji chakula cha watoto wake, na taa ni chakula kizuri. Huliwa akiwa mbichi, na wengine humtia chumvi na kumwanika juani. Hakuna anayesema asivuliwe kabisa. Lakini mvuvi anayewajua taa kwa aina zao huweza kuchagua yupi amchukue na yupi amrudishe baharini. Asiyewajua hawezi kuchagua.

8. Kazi ya kufanya

Kazi ya kwanza: Mchanga na mguu
Vifaa: karai, mchanga mkavu, na gunzi la mahindi.
(a) Tia mchanga katika karai. Laza gunzi na ulifunike kidogo kwa mchanga.
(b) Shusha ngumi yako kutoka juu, mahali gunzi lilipo. Gunzi limekwenda wapi?
(c) Lifukie tena. Sasa buruta ngumi juu ya mchanga kutoka upande mmoja. Gunzi limekwenda wapi?
(d) Andika ulichokiona. Eleza kwa nini watu hushauriwa kuburuta miguu majini.

Kazi ya pili: Mifupa na gegedu
Mwombe mama mifupa ya perege baada ya chakula. Ioshe na uianike. Jaribu kuupinda mfupa mmoja. Kisha kunja sikio lako. Andika tofauti mbili kati ya mfupa na gegedu.

Kazi ya tatu: Kuchora
Chora katika daftari lako taa wawili wenye madoa ya buluu. Onyesha kwa mishale alama zinazowatofautisha. Mpe jirani yako mchoro bila majina. Je, ameweza kuwatambua?

Mambo ya kukumbuka

Taa ni samaki mwenye kiunzi cha gegedu, na ni ndugu wa papa.
Macho na matundu ya kuvutia maji yako juu. Mdomo na nyufa za matamvua ziko chini.
Taa hutambuliwa kwa umbo, kichwa, mkia na alama za ngozi, si kwa ukubwa wala kwa rangi peke yake.
Si kila taa ana mwiba, lakini asiyetambuliwa hesabu kuwa anao.
Taa huzaa watoto wachache, kwa hiyo ni rahisi kuwamaliza.

Maswali

1. Taja tofauti tatu kati ya taa na perege.
2. Taa aliyejifukia mchangani hupumuaje?
3. Mvuvi wa Pangani amepata samaki bapa mwenye mkia mnene na mapezi mawili juu yake. Mwili wake ni mviringo. Ni taa gani? Kwa nini asimguse?
4. Mwanafunzi ameandika, "Nimeona taa mwenye madoa ya buluu." Ni jambo gani jingine alipaswa kuliandika?
5. Kwa nini papa upanga amewekwa katika jamii ya taa?
6. Ndugu yako amechomwa na taa mguuni. Eleza, hatua kwa hatua, utakavyomsaidia.
7. Kijiji kimoja huvua pungu 20 kila mwezi, wakubwa kwa wadogo. Kijiji kingine huwarudisha baharini majike wenye mimba. Baada ya miaka kumi, unadhani watoto wa kijiji kipi watakuwa bado wanamfahamu pungu? Toa sababu zako.